Mwadhini wetu anayesomea uhandisi



Kwa miaka mitatu sasa, sauti inayouamsha mtaa wetu kwa adhana ya Alfajiri si ya mzee, wala si ya kanda. Ni sauti ya kijana wa miaka 22 ambaye, kabla jua halijapanda sana, huwa amekwishaketi darasani akisomeshwa namna mzigo unavyoshuka kutoka paa hadi nguzo, kutoka nguzo hadi msingi, na kutoka msingi hadi udongo. Wazee walimpa jina la "Injinia" tangu wiki ya kwanza, kwa utani, nasi tutamwita hivyo hivyo humu, kwa kuwa aliturehemu akaturuhusu tuyasimulie haya kwa sharti kwamba jina lake tusilitaje.

Sisi tunaoandika ni katibu wa kamati ya msikiti huo, uliopo pembezoni mwa Dar es Salaam, mwendo wa dakika 20 kwa miguu kutoka chuoni kwake. Jambo tutakalolieleza linamhusu yeye, lakini aibu iliyomo ndani yake ni yetu.

Alikuja kwetu kutoka Mtwara, mtoto wa mkulima wa korosho, akiwa na begi moja na barua ya imamu wa kijijini kwao. Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa. Kamati ikampa chumba cha uani kilichokuwa stoo ya majamvi na jeneza, kwa makubaliano kwamba ataadhini Alfajiri na Isha, na kuwafundisha watoto wa madrasa hisabati siku ya Jumapili. Majamvi tuliyahamisha. Jeneza halikuwa na pa kwenda. Tulidhani atakimbia kabla ya mwezi kwisha. Alilisogeza ukutani, akatandika kitanda chake upande wa pili, na juu ya ubao wa jeneza hakuwahi kuweka hata daftari. Tulipomuuliza kama haogopi, alijibu kwamba usiku huwa na kazi nyingi za kuandika, nafasi ya kuogopa haipo.

Maisha yake ya kila siku tunayajua kwa kuwa tunayaona. Huamka saa kumi, akapitia masomo yake, akaadhini, akaswali, akakaa kwenye darsa fupi la baada ya swala. Kisha huwasha jiko dogo la gesi akachemsha chai, akanunua mihogo au chapati mbili kwa mama aliye kwenye kona, akaondoka. Fedha za mkopo, ambazo wanafunzi huziita bumu, zikitoka hulipa madeni kwanza. Zikichelewa, hungoja korosho za baba yake ziuzwe, na mnada wa korosho nao una subira yake. Kuna wiki tumemwona akifunga Jumatatu na Alhamisi, tukamsifu kwa sunna, kumbe sunna na ukata vilikuwa vimekutana. Hilo tulilijua baadaye kwa mama wa mihogo, aliyekuwa akimwandikia deni bila kumwambia mtu.

Ana kanzu moja nyeupe. Huifua Alhamisi jioni, huipiga pasi Ijumaa asubuhi.

Ipo habari ndogo inayomweleza kuliko sifa zetu. Mwaka wake wa kwanza mzee mmoja wa kamati alilalamika kwamba taa ya chumba cha uani huwaka hadi usiku wa manane na inamaliza umeme wa msikiti. Injinia hakubisha. Siku ya pili alileta kipande cha karatasi: taa ni ya wati 9, huwaka saa 5 kwa usiku, siku 30, jumla ni uniti 1.35 kwa mwezi. Chini yake aliandika matumizi ya feni za ukumbi, ambazo mara nyingi husahaulika zikizunguka baada ya Adhuhuri pasipokuwa na mtu. Mzee alisoma, akacheka, akaamuru feni zizimwe. Tangu hapo tulijua kwamba kijana huyu akiulizwa jambo hurudi na karatasi.

Neno lenyewe "mhandisi" tumelichukua kutoka Kiarabu, na Waarabu nao asili ya handasa waliipata kwa Waajemi, kwao likiwa na maana ya kipimo. Sisi tuliohitimu chuo cha Kiislamu hupenda sana kuwapa vijana habari za namna hiyo. Tulimsimulia habari za Al-Jazari na kitabu chake cha mitambo alichokikamilisha mwaka 1206. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, akasema, "Maashallah, Ustadhi. Lakini mtihani wa Jumatatu ni wa nguvu za mbao."

Ijumaa ndiyo iliyokuwa siku yake ngumu. Muhula mmoja kipindi cha maabara ya udongo kilipangwa kuanza saa saba mchana, wakati khatibu wetu yungali juu ya mimbari. Akiswali hukosa vipimo, asiposwali... hilo halikuwamo katika hesabu zake. Aliyemwokoa ni mwanafunzi mwenzake, Msabato kutoka Mara, ambaye naye alikuwa na shida yake kwa vipindi vya kufidia vilivyowekwa Jumamosi. Wakapatana: Ijumaa mchana Msabato huandika vipimo vya wawili, Jumamosi Muislamu huandika vya wawili. Mwisho wa muhula waliandika barua moja wakaitia saini wote wawili, na kipindi kikasogezwa mbele kwa saa moja. Tumehudhuria mikutano mingi ya viongozi wa dini kuhusu kuishi kwa amani ambayo haikuzaa hata barua.

Likizo ndefu ya mwaka wa pili alipelekwa mafunzo kwa vitendo, wiki nane, kwenye jengo la ghorofa nne. Mahali hapo hatutapataja. Usiku mmoja baada ya Isha alikuja nyumbani kwetu akiwa na daftari lake la mafunzo, lile ambalo mwanafunzi huandika kila siku alichokiona na kukifanya, na msimamizi akatia saini.

Alitueleza kwanza jambo tusilolijua. Zege linapomiminwa kwenye nguzo, sehemu ya zege lile lile hujazwa kwenye vibao vya chuma ili kupata vipande vya mchemraba, sentimita 15 kila upande. Vipande hivyo huhifadhiwa majini, kisha hupondwa kwa mashine siku ya 7 na siku ya 28 ili nguvu ya zege ijulikane. Nguzo yenyewe haiwezi kupondwa, kwa hiyo kipande kile ndicho shahidi wake. Alichokiona kazini ni kwamba zege la vipande lilichanganywa pembeni, kwenye ndoo, kwa saruji nyingi kuliko ile iliyotiwa katika nguzo. Kisha akaambiwa aandike kwamba sampuli imechukuliwa kwenye nguzo.

"Nifanye nini, Ustadhi?"

Hatukusita hata kidogo. Tulimkalisha, tukamweleza habari za ushahidi, na amana, na uzito wa kuficha ushahidi. Tulimwambia kalamu ni shahidi kama ulimi. Tulizungumza karibu saa nzima, na mke wetu alipoleta uji alitukuta bado tunaendelea. Kijana akarudi chumbani kwake, akaandika alichokiona, siku kwa siku. Msimamizi wake wa pale kazini alimpa alama za chini kuliko wenzake wote. Alipotuonyesha alama zile tulimfariji, na Ijumaa iliyofuata, katika darsa la vijana, tulisimulia kisa chake bila kumtaja. Tukweli na tuseme: tulijisikia vizuri sana. Tulijiona walezi.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe.

Msikiti wetu ulijengwa na wakazi wenyewe, miaka ya tisini mwanzoni, ukumbi wa mita 12 kwa 15, paa la mabati. Waliojenga waliacha nondo zikichomoza juu ya nguzo, kwa matumaini kwamba siku moja Allah atawajaalia wajukuu wao waongeze ghorofa. Siku hiyo ilionekana imefika. Kina mama zetu wamekuwa wakiswali kwa miaka mingi kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma, safu tatu tu, mvua ikinyesha wanalowa, na katika tarawehe wengi hurudi nyumbani kwa kukosa nafasi. Ghorofa ilikuwa yao, pamoja na vyumba viwili vya madrasa. Familia moja ilijitolea sehemu kubwa ya gharama kwa ajili ya marehemu baba yao. Kilichobaki kilichangwa Ijumaa kwa Ijumaa. Yupo bibi anayeuza vitumbua aliyeleta shilingi 50,000 zilizofungwa kwenye kitambaa, akakataa kuandikwa jina.

Kikao cha kupitisha kazi kilifanyika Jumapili, mwezi wa Shaabani uliopita, baada ya Isha. Fundi mkuu alikuwepo. Injinia alikuwepo pia, ameitwa kusaidia vipimo vya ngazi. Mazungumzo yalipokaribia mwisho aliomba ruhusa ya kusema.

Alisema kwa ufupi na kwa heshima. Kwamba kwa wiki mbili amekuwa akigongagonga nguzo za ukumbi kwa nyundo ndogo, na nne kati yake zinatoa sauti ya debe tupu chini ya lipu. Kwamba amebandua kipande kidogo nyuma ya kabati la misahafu, akakuta nondo zimeliwa na kutu. Kwamba anahofia mchanga uliotumika zamani ulikuwa wa ufukweni. Chumvi yake huamsha kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo, hivyo hulipasua zege kutokea ndani. Kwamba amechimba pembeni ya nguzo moja na kukuta kitako chake cha zege kina upana wa sentimita 60 tu, juu ya mchanga tupu. Akaomba kazi isianze mpaka mhandisi aliyesajiliwa aje kuangalia.

Ukumbi ulinyamaza. Fundi mkuu alitazama pembeni. Kisha Mwenyekiti wetu, mzee tunayemheshimu kama baba, ambaye kwa mikono yake alibeba tofali za msikiti ule, akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, nguzo hizi zimesimama tangu kabla hujazaliwa. Maliza kwanza masomo." Watu wakacheka, si kwa ubaya. Injinia akasema, "Naam, mzee wangu," akakaa.

Hapo Mwenyekiti alitugeukia. "Katibu, hilo usiliandike. Wafadhili wataingiwa na hofu."

Kalamu ilikuwa mkononi. Tulikuwa tumekwishaandika maneno mawili. Tuliyakata.

Tunataka msomaji afahamu vizuri kwamba hatukulazimishwa. Hakuna aliyetushika mkono. Tuliona haya kumvunjia mzee wetu heshima mbele ya watu, tuliwafikiria kina mama waliosubiri miaka mingi, tuliifikiria familia iliyotoa, na Ramadhani ilikuwa mlangoni. Kila sababu ilikuwa nzuri. Tena kanuni ya fiqhi inayotanguliza kuondoa madhara kabla ya kutafuta manufaa tuliisoma chuoni, tukaifanyia mtihani, tukafaulu.

Wala hatukuwa na udhuru wa kutojua. Miezi mitatu tu kabla ya kikao, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa lilikuwa limeporomoka Kariakoo, na mtaani kwetu watu walikesha wakifuatilia sauti za waliofukiwa. Wala halikuwa la kwanza jijini. Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013 liliporomoka lile la mtaa wa Indira Gandhi, jirani kabisa na msikiti, watu 36 wakapoteza maisha. Tuliwaombea dua wote hao. Tulisoma khitma.

Ijumaa ya kwanza baada ya kikao tulisimama baada ya swala, tukatangaza mchango wa ghorofa, tukakusanya. Ijumaa ya pili tukafanya vivyo hivyo. Mifuko 200 ya saruji ikaletwa, ikapangwa chini ya turubai. Injinia aliendelea kuadhini kama kawaida. Hakununa, hakusambaza maneno mtaani. Kitu kimoja tu kilibadilika, na hatukukielewa kwa haraka: aliacha kuswali katikati ya ukumbi. Akawa anaswali safu ya mwisho, karibu na mlango, na watoto wa madrasa akawa anawapanga huko huko.

Usiku wa Jumamosi iliyofuata alibisha hodi. Alikuwa na karatasi.

"Ustadhi, samahani kwa usiku huu. Nimepiga hesabu, naomba uzisome tu."

Tulizisoma chini ya taa ya barazani. Ukumbi una mita za mraba 180. Sakafu ya zege ya ghorofa, unene wa sentimita 15, ni mita za ujazo 27. Mita moja ya ujazo ya zege lenye nondo ina uzito wa kilo 2,400 hivi, kwa hiyo sakafu peke yake ni karibu tani 65, bila kuta, bila paa. Kisha watu. Anayeswali huhitaji nafasi ya nusu mita kwa mita moja na robo hivi, basi ukumbi ukijaa ni watu kama 300. Kwa kilo 65 kila mmoja, tani 19 na nusu. Chini yake alikuwa ameandika maneno ambayo hatujayasahau: hawa watu 300 huenda chini kwa pamoja, na huinuka kwa pamoja, mara nyingi katika usiku mmoja wa tarawehe. Mabati yanayobebwa na nguzo zile leo hayafiki hata sehemu ndogo ya mzigo huo.

Tulikaa kimya. Tulitafuta la kusema, tukasema kwamba jambo hili ni la kamati, si letu peke yetu.

Aliinamisha kichwa. Kisha akauliza, wala hakuwa akitushitaki, aliuliza kama mwanafunzi anayeuliza mwalimu wake:

"Kwenye muhtasari, Ustadhi, mmeandikaje?"

Hatukumjibu. Alingoja kidogo, akaaga, akaondoka na tochi ya simu yake. Usiku ule usingizi haukuja. Tulifungua faili, tukatazama yale maneno mawili tuliyoyakata. Yalisomeka bado: "Injinia amesema."

Baada ya Alfajiri tulikwenda kwa Mwenyekiti. Alitupokea kwa kahawa. Tulimwambia kwamba hatutasimama tena kutangaza mchango mpaka nguzo zikaguliwe, na kama itampendeza atafute katibu mwingine. Alikasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika, kwa kuwa tulikuwa pamoja naye siku ile na tulikaa kimya. Sasa tunamwacha peke yake. Alisema maneno makali kuhusu vijana wa vyuo. Sisi hatuna hata hicho chuo cha majengo, tulikuwa tukirudia maneno ya mwingine. Hatujui nini kilichomlainisha. Labda ni Kilwa.

Tulimkumbusha Kilwa kwa kuwa ni kwao. Kila aliyetembelea Kisiwani ameuona Msikiti Mkuu na kuta zake za matumbawe. Wachimbuaji wa mambo ya kale wanaeleza kwamba ulipopanuliwa kwa mara ya kwanza kuelekea kusini, paa la upanuzi ule liliwekwa juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kwa jiwe moja la tumbawe, na upanuzi ule uliporomoka. Ulijengwa upya katika karne ya 15, kwa nguzo za namna nyingine, nazo ndizo zinazoonekana hadi leo. Wale walikuwa masultani, wenye dhahabu ya Sofala na mafundi hodari. Mzee alikaa muda mrefu akizungusha kikombe. Kisha akasema, "Mwiteni huyo mhandisi. Lakini awe mwenye muhuri."

Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi alifika Jumatano na vifaa vyake. Hatutamchosha msomaji kwa taarifa nzima. Injinia alikuwa amekosea jambo moja: nguzo zilizoharibika hazikuwa nne, zilikuwa tano. Vitako vya nguzo zote vilijengwa kwa ajili ya paa la mabati tu. Alipotoka alimwuliza kijana anasoma mwaka wa ngapi, akamwomba namba ya simu.

Kazi ikasimamishwa. Familia iliyotoa ilihuzunika; mmoja wao alisema marehemu baba yao ameahidiwa ghorofa, si banda. Waumini wengine walisema kamati imekula fedha, na maneno hayo hayajaisha hadi leo. Wapo wanaomtazama Injinia kama aliyewanyima watu kheri. Mama yake, tuliambiwa, alipiga simu kutoka Mtwara akilia, akimwuliza kwa nini anagombana na wazee waliomsitiri.

Lakini lililotuumiza ni jingine. Ijumaa ile, baada ya swala, tulikwenda kuwaeleza kina mama. Tulijiandaa kwa huzuni yao ya kukosa ghorofa. Kiongozi wa jumuiya yao alitusikiliza hadi mwisho, mikono ikiwa juu ya magoti. Hakuuliza habari za ghorofa.

"Ustadhi katibu, huyu mtoto alisema lini?"

Tukamtajia siku ya kikao.

Alihesabu kwa vidole, kama ahesabuye tasbihi. "Siku 19. Na katika siku hizo mmetuchangisha Ijumaa mbili. Huko juu si ndiko tungekuwa sisi na watoto? Kwa nini hamkutuambia siku ile ile?"

Bibi wa vitumbua alikuwa ameketi nyuma yake. Yeye hakusema neno. Tulipotaka kumrudishia shilingi zake 50,000 alizisukuma kwa kiganja, akasema tuziweke, watajengewa chini. Afadhali angezipokea.

Wamejengewa chini. Banda la tofali upande wa kaskazini, lenye msingi wake na nguzo zake, safu tisa badala ya tatu, limemalizika kabla ya Dhulhijja. Saruji haikai sana, ikipita miezi mitatu huanza kupoteza nguvu. Mifuko iliyozidi tuliiuza na fedha zake zimebandikwa ubaoni, hesabu kwa hesabu. Nguzo tano za ukumbi zimefungwa upya kwa maelekezo ya yule mhandisi. Injinia alisimamia umwagiliaji wa zege, asubuhi na jioni kwa siku 14, kati ya adhana na darasa, na siku alipokuwa na mtihani aliacha zamu hiyo kwa watoto wa madrasa na karatasi yenye saa zilizoandikwa kwa wino mwekundu.

Kikao cha kwanza cha kamati baada ya hayo, tulifika kwenye ajenda ya kupitisha muhtasari uliopita. Tuliomba ruhusa kwamba, kabla haujatiwa saini, uongezwe jambo lililosemwa na kuachwa kwa makusudi. Tukasoma nyongeza tuliyoiandaa: nani alisema, alisema nini, na kwamba katibu aliyakata maneno yake. Hatukuandika kwa amri ya nani. Tuliona inatosha.

Mwenyekiti alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Andika vizuri, katibu," akasema. "Andika kwamba ni mimi niliyesema usiandike. Na tarehe yake."

Tukaandika yote mawili. Kikao kilifungwa kwa dua, saa nne na dakika kumi usiku.